Amri ya daktari kuhusu matibabu ya mwisho wa uhai: maana yake na uzito wake mbele ya sheria

Amri ya matibabu ya mwisho wa uhai ni maandishi ya daktari, yenye sahihi na tarehe, yanayowaelekeza wauguzi na madaktari wa zamu la kufanya na la kutofanya pindi mgonjwa mwenye maradhi yasiyoponyeka atakapozidiwa. Tuchukue mama mwenye saratani ya kizazi iliyokwisha kusambaa, aliyelazwa katika hospitali moja ya hapa Lubumbashi. Katika dosie yake daktari anaweza kuandika kwamba moyo ukisimama asikandamizwe kifua, kwamba asipelekwe reanimasyo, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kwamba aendelee kupewa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ya kunywa kila baada ya saa nne na kuloweshwa mdomo, na kwamba mambo hayo yamezungumzwa na mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili timamu, mbele ya binti yake mkubwa. Maneno hayo machache ndiyo amri yenyewe. Kama mnavyoona, sehemu yake kubwa inaeleza matunzo yatakayoendelea, na anayeisoma kana kwamba ni ruhusa ya kumtelekeza mgonjwa ameisoma nusu.

Haja ya maandishi kama hayo ilitokana na maendeleo ya tiba. Mwaka 1960 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walitangaza njia ya kuuamsha moyo uliosimama kwa kukandamiza kifua bila kukipasua. Njia hiyo ilienea upesi na ikawa desturi ya kila hospitali kubwa, hata kwa wagonjwa ambao haikuweza kuwasaidia. Hata leo, katika hospitali za Marekani zenye kila kifaa, mtu ambaye moyo wake unasimama akiwa wodini ana nafasi ya takriban mmoja kati ya watano ya kurudi nyumbani akiwa hai, na kwa aliyedhoofishwa na saratani nafasi hiyo hupungua sana. Mwaka 1974 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri kwamba uamuzi wa kutomwamsha mgonjwa uandikwe kwenye dosie. Mwaka 1976 mahakama kuu ya New Jersey ilimruhusu baba wa Karen Ann Quinlan, binti aliyekuwa amezimia bila matumaini ya kuzinduka, kuamua aondolewe mashine ya kupumulia. Mashine iliondolewa, naye akaishi hadi mwaka 1985, jambo linalopaswa kuwafikirisha wanaodhani kwamba kuondoa mashine na kuua ni kitendo kimoja.

Amri hii isichanganywe na tamko la mgonjwa. Tamko huandikwa na mtu mwenyewe, pengine akiwa mzima, akieleza tiba asizozitaka siku atakaposhindwa kusema, na kwa kawaida halina sahihi ya daktari. Amri huandikwa na daktari kwa ajili ya mtu aliye mgonjwa tayari, na muuguzi wa usiku huitekeleza bila kuitisha mkutano. Kwa kuwa matamko mengi yalibaki kabatini huku wagonjwa wakitibiwa kinyume cha matakwa yao, wataalamu wa jimbo la Oregon walianza mwaka 1991 kutengeneza fomu ya rangi ya waridi inayogeuza matakwa ya mgonjwa kuwa amri ya daktari, ambayo humfuata kutoka nyumbani hadi kwenye gari la wagonjwa na hospitalini. Majimbo mengine yameiga.

Wengi wetu tuna ndugu Ubelgiji, na hao ndio hupiga simu wakisema kwamba huko mambo yana utaratibu wake. Ni kweli. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 22 Agosti 2002 kuhusu haki za mgonjwa inasema kwamba mtu akikataa tiba fulani kwa maandishi, kukataa kwake kuheshimiwe hata baada ya kupoteza uwezo wa kusema, maadamu hakukutengua. Sheria ya kumkatisha mgonjwa uhai kwa ombi lake ni nyingine, ya tarehe 28 Mei mwaka huohuo. Ufaransa nayo, kwa sheria za mwaka 2005 na 2016, ilikataza tiba ya kung'ang'ania isiyo na faida na kuyapa nguvu maandishi ya mgonjwa.

Kwetu Kongo, sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayoweka misingi ya afya ya umma, haikuweka fomu wala utaratibu wa namna hiyo. Daktari wa Lubumbashi anabaki na kanuni za jumla. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba binadamu ni mtakatifu, na inamhakikishia haki ya uhai na ya kutoguswa mwili wake. Sheria ya jinai inamwadhibu anayeua kwa kusudi, bila kumsamehe aliyeua kwa huruma au kwa kuombwa, na pia inamwadhibu anayekataa kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini ilhali angeweza. Kosa hili la pili ndilo linalowatia madaktari wengi hofu, hata wakaona heri kumkandamiza kifua mzee wa miaka tisini kuliko kuulizwa na mwendesha mashtaka. Nionavyo mimi, hofu hiyo inakuzwa kupita kiasi. Anayetuliza maumivu, anayemtembelea mgonjwa na kuandika sababu za kila uamuzi anatoa msaada, na kuacha tendo lisiloweza kufaa, kwa ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa vizuri, si kumnyima msaada. Aliye hatarini zaidi kisheria ni yule anayeacha kimyakimya bila kuandika chochote, kwa sababu siku ya kuulizwa hatakuwa na cha kuonyesha.

Mgonjwa asipoweza tena kusema, nani aseme kwa niaba yake? Hapa ndipo penye ugomvi. Mke amekaa kando ya kitanda kwa wiki nzima, kisha baba mdogo anafika kutoka Kolwezi na kutangaza kwamba ukoo haujaulizwa. Mara nyingi watu huleta wodini mpangilio wa mirathi waliousikia matangani: watoto katika kundi la kwanza, mjane, wazazi na ndugu katika kundi la pili. Mpangilio huo umo kweli katika Sheria ya Familia ya mwaka 1987, lakini unahusu mali ya mtu aliyekwisha kufa na haumpi yeyote mamlaka juu ya mwili wa aliye hai. Sheria ya Ubelgiji imetaja ngazi waziwazi: kwanza mtu aliyeteuliwa na mgonjwa mwenyewe, kisha mwenzi anayeishi naye, kisha mtoto mtu mzima, mzazi, na ndugu. Kwetu, hadi sheria itakapotungwa, lililo salama ni kumwuliza mgonjwa mapema, angali anaongea: «Mama, usipoweza kutujibu, tumsikilize nani?» Jina atakalolitaja liandikwe kwenye fishi pamoja na tarehe, na jamaa wajulishwe siku hiyohiyo.

Jambo la pili lenye uzito ni fedha. Katika hospitali nyingi za mji huu oksijeni, dawa na kitanda cha reanimasyo hulipiwa na familia, mara nyingi kabla ya huduma. Kwa hiyo maamuzi mengi ya kusimamisha tiba hufanyika kwenye dirisha la malipo: familia imeishiwa, dawa haikununuliwa, mgonjwa akafariki, na dosie haisemi lolote. Huko kusiitwe amri ya matibabu. Amri halali hudai sababu ya kitabibu na ridhaa, na daktari aliyezoea kuiandika atalazimika kutenganisha «tiba hii haitamfaa» na «tiba hii ingemfaa ila hawana pesa». Kauli hizo mbili zikichanganywa katika sentensi moja, sheria yoyote itakayotungwa itakuwa chombo cha kuwaaga maskini mapema.

Hatari hiyo haikuanzia kwetu. Mwaka 2020, wakati wa Covid, malalamiko yalizuka Uingereza kwamba wazee na watu wenye ulemavu waliandikiwa amri za kutoamshwa kwa makundi, baadhi yao bila kuulizwa, ingawa mahakama ya rufaa ilikwisha kuamua mwaka 2014 kwamba mgonjwa lazima ashirikishwe.

Amri pia haina maana pasipo dawa ya maumivu. Uganda, jirani yetu, tangu mwaka 2004 inawaruhusu wauguzi waliosomea matunzo ya wagonjwa wasiopona kuandika mofini, na mofini ya maji huko hufika hadi vijijini. Wizara yetu ikitaka kuanza mahali, ianze hapo kabla ya fomu, kwa kuwa asiyepewa cha kutuliza maumivu ataomba lolote, na ridhaa yake haitakuwa huru.

Mwisho, amri hutenguliwa wakati wowote. Mgonjwa akisema kwa mdomo tu kwamba amebadili nia, neno lake linashinda karatasi, nayo hupigwa mstari na kuandikwa upya. Akihamishiwa hospitali nyingine, daktari anayempokea aisome, azungumze naye tena, kisha atie sahihi yake.