Sasisho halijaua printa yako

"Fundi, kompyuta ilijisasisha usiku, leo printa imekufa. Ninunue ipi?" Asubuhi hii nimeulizwa tena, na aliyeuliza alikuwa ameshaiondoa mezani printa iliyo nzima kabisa.

Sasisho la Windows hubadilisha mafaili ya Windows. Haliingii ndani ya printa kukausha wino wala kuchoma saketi. Kwa hiyo, kabla ya kunipigia simu, nakuomba ufanye jambo moja tu: chomoa waya unaounganisha printa na kompyuta, kisha tumia vitufe vya printa yenyewe kutoa ukurasa wa majaribio. Ukitoka safi, mashine ni nzima na hela yako ibaki mfukoni. Kilichokatika ni mawasiliano kati yake na kompyuta.

Mara nyingi nakuta kazi ya zamani ya kuchapisha imekwama kwenye foleni tangu kompyuta ilipojizima na kujiwasha wakati wa kusasisha, na kila kinachofuata kinasubiri nyuma yake. Simamisha huduma ya Print Spooler (sehemu ya Windows inayosimamia foleni hiyo), ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili yote yaliyomo (folda yenyewe iache), halafu ianzishe tena huduma. Kama bado, angalia orodha ya printa. Huenda jina la printa yako limejitokeza mara mbili, la pili likiwa na neno Copy, na kompyuta inatuma kazi kwenye lile lisilo na kitu. Au draiva yako, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa, imebadilishwa ikawekwa ya jumla: iondoe printa pamoja na draiva, kisha pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, si tovuti nyingine yoyote.

Kwa printa za mtandao, mara nyingine sasisho linasingiziwa tu. Ruta imeipa printa anwani mpya ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), kompyuta bado inatuma kwenye ile ya zamani. Kila mteja wangu namwambia aitengee printa anwani isiyobadilika kwenye ruta. Wanaonisikiliza hawanipigii tena kwa tatizo hilo.

Wateja pia huniambia: "Nikibofya tena itatoka." Haitoki. Unarefusha foleni, na siku ikifunguka utapata nakala kumi na mbili za barua moja.

"Inatoa maandishi ya ajabu, ina virusi." Si lazima. Sasisho la Windows la Januari 2025 lilizifanya baadhi ya printa za USB zitoe kurasa za maandishi yasiyoeleweka, na Microsoft ikalirekebisha Machi mwaka huohuo.

"Dawa ni kuzima masasisho moja kwa moja." Hili linanitia hofu. Ni kweli masasisho hukosea: Machi 2021 kuna kompyuta za Windows 10 zilizoanguka na skrini ya buluu kila zilipoambiwa zichapishe, na marekebisho yakaja mwezi uleule. Lakini Julai 2021 sasisho ndilo lililoletwa kuziba PrintNightmare, tundu lililokuwa ndani ya Print Spooler yenyewe, ambalo mvamizi angeweza kulitumia kuitawala kompyuta nzima. Aliyezima masasisho Machi alibaki wazi Julai. Sasisho likikusumbua, liondoe hilo moja, simamisha masasisho kwa wiki moja au mbili, marekebisho yakitoka sasisha.