Je, wajua kwa nini ngeli zilimwokoa Mswahili kwenye mtihani wa GMAT, kisha zikamponza?

Pita soko la Mwanga, Kigoma, uwasikie wateja: "Bei ya madumu ya mawese imepanda." Hata mtoto aliyetumwa dukani hasemi "yamepanda", maana hapo madumu yenyewe yangekuwa juu ya mti. Madumu yako karibu na kitenzi, tena ni mengi, lakini sikio linajua kinachozungumzwa ni bei.

Mtego huohuo ulitegwa sana kwenye GMAT, mtihani wa Marekani ulioanza 1954 wa kuwachuja waombaji wa shahada ya uzamili ya biashara. Kwenye kusahihisha sentensi ulipewa sentensi yenye sehemu iliyopigiwa mstari na majibu matano, la kwanza likirudia maneno yaleyale. Kiima cha umoja kiliwekwa mwanzoni, katikati yakajazwa maneno ya wingi, kitenzi kikaja kwa wingi. Kwa Kiingereza tofauti mara nyingi ni herufi s tu, na jicho lililochoka huipita. Wewe igeuze Kiswahili kimoyomoyo: ngeli itakurudisha kwenye bei.

Ila sikia hii: "Akishuka kwenye boti Kibirizi, simu ilimdondoka majini." Ukiacha hasara ya simu, sentensi haina kasoro. Ile a- ya "akishuka" imeshatuambia ni mtu. Ukiigeuza Kiingereza, huweza kuanza na kitenzi kinachoishia na -ing, ambacho hakina kiambishi cha kumtaja mtendaji, kwa hiyo kanuni humtafuta kwenye nomino inayofuata mkato. Inayofuata ni simu. Basi simu ndiyo iliyoshuka kwenye boti, kwa miguu yake! Hapa ndipo wengi wetu huteleza, na sioni kama ni uvivu: kosa hilo Kiswahili hakilijui, sikio litalikamata vipi? Ukikuta sentensi imeanza hivyo, uliza "nani?", kisha ruka mkato. Jibu liwe limekaa palepale.

Toleo jipya la mtihani, lililoanza Novemba 2023, limeiondoa sehemu hiyo. Sasa sehemu ni tatu: hesabu, ufahamu na hoja, na uchambuzi wa data, dakika 45 kila moja. Kwa hiyo ukiuziwa kitabu cha mtumba chenye sura ya kusahihisha sentensi, ujue ni cha mtihani wa zamani. Omba upunguziwe bei. Usikitupe, lakini. Vyuo vingi bado vinataka insha ya maombi, na huko simu zikishuka kwenye boti hakuna majibu matano ya kuchagua.