Kioo cha kristali ni nini, na ukoo wa Riedel umekipikaje tangu 1756?

Kioo cha kristali hakina fuwele hata moja, ingawa neno kristali lenyewe maana yake ni fuwele. Chumvi na sukari ndizo zenye fuwele, kwa kuwa chembe zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia pande zote. Chembe za kioo, hata cha bei ghali kiasi gani, zimekaa shaghalabaghala kama zilivyokuwa kilipokuwa uji wa moto tanurini. Jina lilitoka kwa mafundi wa Murano, jirani na Venisi, ambao katikati ya karne ya 15 walisafisha majivu ya kupikia kioo hadi wakapata kioo kisicho na rangi, wakakifananisha na jiwe la kwatzi linalopenyeza mwanga. Tangu hapo kila kioo kizuri kilichong'aa kikadai jina hilo.

Tofauti iko kwenye viungo. Mchanga mtupu unataka joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi ndipo uyeyuke. Ukiuchanganya na magadi, joto hilo hushuka sana, na chokaa huzuia kioo kisiyeyuke kikikutana na maji. Hicho ndicho kioo cha chupa ya soda na cha dirisha. (Magadi hayo hayo huchimbwa Ziwa Magadi, Kenya, na viwanda vya vioo ni miongoni mwa wateja wake wakubwa.) Huko Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Czech, mafundi walikuwa mbali na bahari, ambako wengine walipata magadi kwenye majivu ya mimea ya pwani, lakini misitu ilikuwa tele, kwa hiyo walitumia potashi iliyopatikana kwenye majivu ya miti. Kioo chao kilitoka kigumu, kizuri kwa kuchongwa nakshi. Uingereza ikashika njia nyingine: mwaka 1674 George Ravenscroft alipewa hataza ya kioo chake kipya, na muda mfupi baadaye akawa anatia oksidi ya risasi (yaani ile metali nzito, si risasi ya bunduki). Kioo cha risasi ni kizito, ni laini kwa gurudumu la kukatia, huupinda mwanga zaidi, na ukikigonga kwa ukucha hulia kwa muda mrefu.

Kwa hiyo "kristali" ni suala la mapishi, na Ulaya ililiwekea sheria. Agizo la mwaka 1969 linasema kioo kiitwe kristali ya risasi kikiwa na oksidi ya risasi kuanzia asilimia 24, na kikifika asilimia 30 kinapanda daraja la juu kabisa. Chini ya hapo kuna madaraja ya kioo cha kristali ambamo zinki, bari au potashi zinaweza kushika nafasi ya risasi, mradi jumla ya oksidi hizo ifike asilimia 10. Muuzaji anayebandika neno kristali kwenye glasi yoyote iliyokatwa pembe hauzi kristali, anauza pembe.

Ukitaka kuona mapishi haya yanavyokaa mikononi mwa watu, fuata ukoo mmoja: Riedel. Wa kwanza kujulikana katika biashara hii ni Johann Christoph Riedel, aliyezaliwa 1673, mchuuzi wa vioo aliyezunguka Ulaya na bidhaa za Bohemia na kuuawa mwaka 1723. Mjukuu wake, Johann Leopold, ndiye aliyewasha tanuri la familia katika milima ya Jizera, kaskazini mwa Bohemia, mwaka 1756. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vinaanza, na vita huvunja madirisha. Vioo vya madirisha vikampa mtaji. Hakukuwa na anasa yoyote mwanzoni.

Anasa ilikuja na Franz Xaver Riedel, mchongaji hodari wa kizazi cha tano cha ukoo, aliyefanya kazi nusu ya kwanza ya karne ya 19. Yeye alitia madini ya urani kwenye kioo, akapata manjano na kijani vinavyowaka ajabu, akazipa rangi hizo jina la binti yake, Anna. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kurithi, basi Anna akaolewa na binamu yake, Josef Riedel, aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo. Mali ikabaki nyumbani. Wasomaji wa pwani hawatashangaa. Ndoa za binamu zimelinda majumba na mashamba mengi hata kwetu. Josef alinunua tanuri baada ya tanuri hadi watu wakamwita mfalme wa vioo wa milima ya Jizera.

Kilichomtajirisha Josef hakikuwa glasi za mezani tu. Bonde la Gablonz, leo Jablonec nad Nisou, lilikuwa likitengeneza shanga kwa dunia nzima, na Riedel alikuwa muuzaji mkubwa wa fito za kioo za rangi ambazo shanga hukatwa kutoka kwake. Shanga za eneo hilo zilifika Afrika, na hata leo shanga za Czech ndizo wanawake wengi wa Kimaasai huzichagua wakitaka punje zinazolingana. Kiwanda cha Ornela kilichoko Desná, kinachotengeneza shanga chini ya jina la Preciosa, kimerithi majengo ya Riedel. Mimi naona sehemu hii ndiyo ya maana kuliko zote katika habari za ukoo huu, ingawa katalogi za glasi za mvinyo hupenda kuipitia mbio mbio.

Majengo hayo yalikwendaje? Mwaka 1945, baada ya vita, Czechoslovakia ilitaifisha mali za wakazi wake wenye asili ya Kijerumani na kuwafukuza wengi wao. Walter Riedel, aliyekuwa mtaalamu wa kioo cha kiufundi, alichukuliwa Umoja wa Kisovyeti na kukaa huko miaka kumi. Mwanawe Claus, mfungwa wa vita, aliruka kutoka kwenye treni iliyokuwa ikiwarudisha wafungwa na kujikuta Austria. Huko Wattens, Tirol, alipokewa na familia ya Swarovski, ambao nao walitoka milima ile ile: Daniel Swarovski, aliyebuni mashine ya kukata vito vya kioo, alihamia Wattens mwaka 1895 kufuata nguvu ya maji na kukaa mbali na washindani wa nyumbani. Mwaka 1956 Walter na Claus walichukua kiwanda kilichofilisika mjini Kufstein, Tirol, wakaanza upya. Hawakuwa na tanuri hata moja la babu zao. Walichokuwa nacho ni mapishi.

Claus akafanya jambo ambalo wachongaji wa ukoo wangelipinga: akafuta nakshi zote. Glasi yake ilikuwa nyembamba, tupu, yenye shina refu na tumbo lililochorwa kufuata aina ya mvinyo. Mwaka 1973 alitoa seti nzima iliyopulizwa kwa mdomo, Sommeliers. Mwanawe Georg alileta Vinum mwaka 1986, glasi za mashine zenye umbo hilo hilo kwa bei nafuu. Kwamba umbo la glasi hubadili harufu inayofika puani, naikubali. Ile ramani ya ulimi iliyotumika kuzipigia debe, eti tamu mbele na chungu nyuma, wanasayansi wameikataa.

Kuhusu risasi: kinywaji kikikaa kwa wiki au miezi ndani ya jagi la kristali ya risasi, madini hayo hutoka kidogo kidogo na kuingia ndani yake. Kunywa na kusuuza si tatizo kubwa. Kuhifadhia ndiko kubaya. Watengenezaji wengi sasa wameacha risasi na kutumia mapishi mengine, na Swarovski ilitangaza mchanganyiko usio na risasi mwaka 2012.

Umiliki wa kifamilia nao si hakikisho la kudumu. Jina la Waterford, watengenezaji wa kristali wa Ireland, lililoanza 1783, limekufa na kufufuka, likaanguka tena mwaka 2009 na kuuzwa; leo ni mali ya Fiskars ya Finland. Swarovski bado ni ya warithi, lakini mwaka 2022 waliajiri mkuu wa kwanza asiye wa damu yao. Riedel ilinunua kampuni ya Nachtmann ya Ujerumani mwaka 2004 ili ipate mashine zake, na tangu 2013 inaongozwa na Maximilian, mwana wa Georg, kizazi cha 11.