Kupanda mimea ya mizizi mitupu baridi ikikaribia: yasemwayo na yaliyo kweli

Mmea wa mizizi mitupu huuzwa ukiwa umelala. Umeng'olewa, udongo umekung'utwa, majani yamekatwa, na kilichobaki ni fundo la mizizi lenye macho machache, yaani vichipukizi vilivyolala. Ukiupokea majira ya kupukutika majani, wakati umande wa asubuhi umeshaanza kuganda, utadhani umechelewa. Mengi yasiyo kweli kuhusu mimea hii yanazaliwa na hofu hiyo.

"Baridi ikishaingia, hakuna kinachoota." Hewa hupoa haraka, udongo hupoa taratibu. Miti inaweza kuwa imebaki vijiti huku chini kukiwa na joto la kutosha, na mizizi ya mimea mingi ya kudumu (inayoishi miaka mingi) ya nchi za baridi huendelea kukua polepole hadi udongo ukaribie nyuzi 5 za Selsiasi. Kwa hiyo usihesabu kutoka jalidi ya kwanza, yaani umande wa kwanza ulioganda. Kadiria lini ardhi ya kwako huganda kabisa, kisha urudi nyuma wiki 6 hivi. Pioni, mmea wa bustani wenye maua makubwa, hasa hupenda majira haya: macho ya mwaka ujao yameshaumbika, na mmea una nafasi ya kuotesha mizizi midogo bila mzigo wa majani. Ukiipanda majira ya kuchipua, inalazimika kuotesha mizizi na majani kwa mpigo, na mara nyingi hudorora msimu mzima.

"Fukia chini sana, baridi isiufikie." Ushauri huu ndio unaoharibu zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu matokeo yake huonekana baada ya muda mrefu na mtu humlaumu muuzaji. Macho ya pioni yakizidi sentimita 5 chini ya udongo, utapata majani mazuri mwaka hadi mwaka na ua usilione. Airisi yenye ndevu, ua jingine la bustani, ndiyo kabisa: tunguu lake (shina nene la chini) linatakiwa kulala juujuu, mgongo ukionekana au ukifunikwa kidogo tu, la sivyo linaoza. Hosta, mmea unaopendwa kwa majani yake, huwekwa macho yakiwa usawa wa udongo au chini yake kidogo. Isitoshe, mimea hii haikimbii baridi. Pioni isipopata wiki za kutosha za baridi haichanui vizuri.

"Matandazo ni blanketi, yawekwe mapema." Matandazo ni majani makavu na mfano wake yanayofunika udongo. Adui wa mmea mpya ni ardhi inayoganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Kila inapoganda hufura na kuusukuma juu mmea ambao mizizi yake haijashika, mpaka siku moja unaukuta umelala juu ya tuta, mizizi imekaushwa na upepo. Matandazo yanatakiwa kuifanya ardhi iliyoganda ibaki imeganda. Subiri basi uso wa udongo ugande, ndipo utandaze majani makavu ya nafaka au matawi ya misonobari, unene wa sentimita 5 hadi 10. Ukiwahi, unawajengea panya nyumba. Theluji nene isiyoyeyuka hufanya kazi hiyohiyo bila gharama.

"Utie mbolea upate nguvu." Mbolea yenye naitrojeni nyingi wakati huu huchochea machipukizi laini yatakayouawa na jalidi. Mboji kidogo yatosha.

Kuhusu maji, watu hukosea pande zote mbili. Loweka mizizi saa moja au mbili kabla ya kupanda, usiiache ndani ya ndoo siku nzima. Ukishapanda, mwagilia vizuri hata kama kuna baridi, maana udongo unatakiwa kuishika mizizi bila kuacha mianya ya hewa.

Wapo pia wanaosema kila mmea wa kudumu hufaa kupandwa majira haya. Hapana. Nyasi za mapambo zinazokua wakati wa joto, na mimea inayostahimili baridi ya kwako kwa shida, zisubiri majira ya kuchipua. Na kama mzigo umefika ardhi ikiwa imeshakuwa mwamba, weka mizizi kwenye vumbi la mbao lenye unyevu kidogo, mahali penye baridi lakini pasipoganda, mbali na matofaa: gesi inayotolewa na matunda yanayoiva huweza kuharibu macho.