Windows 11 kwenye kompyuta ya mezani ya zamani: dhana potofu na ukweli wake

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, kompyuta nyingi za mezani ziko njia panda. Hapa kwetu nyingi ni Dell OptiPlex na HP Compaq zilizotumika maofisini Ulaya, zikaja kwa kontena, na leo ndizo zinazochapa barua kwenye steshenari na kufundishia shuleni. Mwenye nayo anataka Windows 11, fundi anajaribu, kazi inakwama katikati, na hukumu inatoka upesi: mashine imezeeka.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kuna jambo ambalo mashine imekatazwa, na kuna jambo ambalo mashine haiwezi. Kwenye skrini yote mawili yanafanana, lakini la kwanza lina dawa na la pili halina.

"Ikiandika kwamba haikidhi vigezo, Windows 11 haiingii"

Vigezo vyenyewe ni hivi: chipu ya usalama ya TPM 2.0, UEFI (mfumo wa kuwashia mashine uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani) yenye uwezo wa Secure Boot, yaani ulinzi unaokataa programu isiyoaminika mashine inapowaka, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha 8 kilichotoka mwaka 2017. Sasa chukua OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye Core i5 ya kizazi cha 3. TPM yake ni 1.2, na prosesa haimo kwenye orodha. Itakataliwa. Lakini Windows haihitaji lolote kati ya hayo mawili ili iwake. Ni masharti ya mwenye bidhaa. Programu ya bure ya Rufus, unapoandaa flashi, inakuuliza kama unataka ukaguzi wa TPM na Secure Boot uondolewe. Weka tiki, washa mashine kwa flashi hiyo, piga Windows upya, na i5 hiyo ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) itafanya kazi za ofisi bila manung'uniko.

Gharama yake ni kwamba Microsoft haikuahidi masasisho. Ya kila mwezi kwa kawaida huja, ila toleo kubwa la kila mwaka halijileti; unalipakua na kulipiga mwenyewe juu ya lililopo. Mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa, si baadaye.

Core 2 Duo ni kesi nyingine kabisa. Kuanzia toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, Windows 11 inategemea amri za prosesa zinazoitwa SSE4.2 na POPCNT. Amri hizo huwekwa ndani ya chipu kiwandani, na hakuna programu ya kuziongeza. Core 2 Duo hazina, Core 2 Quad hazina. Kwa Intel zilianza na Core i za kwanza mwaka 2008. Kwa AMD, Phenom II ina POPCNT lakini imekosa SSE4.2, kwa hiyo nayo imebaki nje. Hapo Rufus haisaidii kitu, na kubadilisha flashi hata mara nyingi hakusaidii. Video zinazoonyesha Windows 11 ikitembea kwenye Core 2 Duo si za uongo, ila ni za matoleo ya awali, na la mwisho kati ya hayo, 23H2, liliachwa Novemba 2025 kwa wenye Home na Pro. Kabla hujachoma bando kupakua faili linalozidi GB 5, fungua programu ya CPU-Z usome orodha ya amri za prosesa. SSE4.2 isipokuwepo, umemaliza utafiti.

Na ukikuta Windows iliyopo ni ya biti 32, usikimbilie kusema prosesa nayo ni ya biti 32. Hizi Core 2 na Core i zote ni za biti 64. Kuna mtu tu aliyewahi kuzipigia Windows 7 ya biti 32. Kinachotakiwa ni kuanza upya kutoka kwenye flashi, kwa sababu kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna njia ya kupanda juu kwa juu.

"Diski imekataliwa, basi ni mbovu"

Hii imefanya watu wanunue diski wasizozihitaji. Usakinishaji unafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, diski inaonekana vizuri na ujazo wake, lakini chini kuna ujumbe kwamba Windows haiwezi kuwekwa hapo kwa sababu ya mtindo wa kugawanya diski uitwao GPT, au kinyume chake, ule wa zamani wa MBR. Diski ni nzima. Kilichotofautiana ni jinsi mashine ilivyoiwasha flashi na jinsi diski ilivyogawanywa. Ukiwasha kwa njia ya zamani ya BIOS, Windows inataka MBR. Ukiwasha kwa UEFI, inataka GPT.

Kwenye menyu ya kuwashia (F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP) flashi moja mara nyingi inajitokeza mara mbili, mstari mmoja ukiwa na neno UEFI na mwingine hauna. Chagua unaolingana na diski, ujumbe unatoweka. Kama unataka kuhamia UEFI bila kufuta Windows 10 iliyomo, kuna chombo cha mbr2gpt ndani ya Windows yenyewe tangu mwaka 2017. Ukishakitumia ndipo uingie BIOS kubadilisha njia ya kuwasha. Wengi hufuata ushauri wa kuandika clean ndani ya diskpart, chombo cha Windows cha kugawanya diski. Amri hiyo inafanya kazi, ni kweli, lakini inafuta jedwali zima la diski, picha za harusi na hesabu za duka vikiwemo, na haikuulizi mara mbili.

Kuna kosa jingine la hapo hapo ambalo hujitokeza miezi baadaye. Mashine ikiwa na diski mbili, SSD mpya na ya zamani, Windows inaweza kujiweka kwenye SSD huku mafaili ya kuwashia yakienda kwenye ile ya zamani. Siku diski ya zamani inapochomolewa au inapokufa, mashine haiwaki na lawama zinaiangukia SSD. Chomoa waya wa diski ya zamani kabla ya kuanza, urudishe ukimaliza.

"Inarudia mwanzo, imegoma"

Haijagoma. Baada ya kunakili mafaili mashine hujizima na kujiwasha, na kwa kuwa flashi bado imechomekwa na ndiyo ya kwanza kwenye foleni, inaanza usakinishaji upya. Chomoa flashi skrini inapozimika mara ya kwanza.

"Flashi ni nzima, mbona inafunguka?"

Kufunguka ni jambo dogo. Namba za kosa zinazotokea katikati ya usakinishaji, kama 0x8007025D, 0x80070570 na 0x80070017 karibu zote zinasema jambo moja kwa maneno tofauti: mafaili yaliyosomwa hayakufika salama. Anzia kwenye faili ulilopakua. Amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256 itakupa alama ya faili. Ilinganishe na iliyochapishwa na Microsoft, maana upakuaji uliokatika na kuendelezwa huweza kuharibu kipande kidogo usikione.

Faili likiwa sawa, geukia flashi. Soko limejaa flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani zina GB 8. Zinapokea mafaili yote kwa ukarimu, kisha zinayaandika juu ya mengine. Programu ya H2testw inazijaza na kuzisoma tena, na uongo unajulikana. Hamisha pia flashi kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma, lililoungwa moja kwa moja kwenye madabodi. Waya za matundu ya mbele kwenye mashine za umri huu zimechoka.

Yakipita hayo yote na namba bado inatokea, hasa ikiwa kila mara inakuja mahali tofauti, shuku RAM. Programu ya kupima RAM, MemTest86+, iachwe izunguke usiku kucha. Kipande chenye kosa hata moja hakifai. Lakini mashine ikizimika ghafla kabisa bila namba yoyote, hilo ni joto au pawa saplai. Fungua, toa vumbi kwenye feni, na ubadilishe ile pesti iliyo juu ya prosesa, ambayo baada ya miaka kumi na zaidi huwa imekauka kama chokaa.

"Ongeza RAM, itakuwa nyepesi"

Ikiwa ina GB 2, ongeza, hakuna mjadala. Ikiwa tayari ina GB 4 hadi 8 na bado inaburuza, fedha hiyo nunulia SSD. Diski ya kuzunguka husoma karibu MB 100 kwa sekunde faili moja kubwa linapofuatana, lakini Windows inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo kasi huporomoka hadi karibu MB 1. SSD haina sindano ya kuhamahama. Hata kwenye SATA (njia inayounganisha diski na madabodi) ya kizazi cha 2, inayoishia karibu MB 300 kwa sekunde, tofauti unaiona kuanzia mashine inapowaka. Anayekuambia SSD ni kuharibu pesa kwenye mashine ya zamani anasoma namba ya kasi ya juu tu.

Kuformati diski ya zamani nako hakuirudishii ujana. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayokagua afya ya diski: ikionyesha njano kwa sababu ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri, hamisha data leo.

"Betri ya saa haina uhusiano"

Betri ya CR2032, duara la volti 3 kwenye madabodi, ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS umeme ukikatwa. Mashine zetu huzimwa ukutani kila jioni, kwa hiyo betri inafanya kazi peke yake usiku kucha na wikiendi nzima. Ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika, masasisho yanakataa, Windows haijiamilishi, na mtu anaanza kumlaumu mtoa intaneti.

Baya zaidi ni mipangilio. BIOS ikijirudisha ilivyotoka kiwandani, hali ya SATA inaweza kubadilika, na Windows iliyokuwa ikiwaka jana inatoa skrini ya bluu yenye kosa 0x7B kwa kuwa haioni diski yake. Watu wamepiga Windows upya kwa tatizo la betri. Badilisha betri kwanza, rekebisha tarehe, rudisha SATA kama ilivyokuwa, kisha ndiyo uendelee.

Kuhusu kusasisha BIOS yenyewe kama dawa ya kila kitu: fanya pale tu maelezo ya mtengenezaji yanapotaja tatizo lako, na uwe na UPS. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza kufa palepale.

"Windows ya fundi ni nzuri kwa sababu haidai namba ya kuamilisha"

Faili la Windows 11 ni bure kwenye tovuti ya Microsoft. Bila kuamilishwa litaweka maandishi pembeni mwa skrini na kukunyima kubadilisha picha na rangi, lakini masasisho ya usalama yanaingia. Ile iliyokwisha "kufunguliwa" huja na programu ambayo aliyeitengeneza humjui, na aghalabu inakutaka uzime kinga ya virusi ili ifanye kazi. Huo ni mlango kwenye mashine unayofungulia benki. Isitoshe, mashine iliyowahi kuwa na Windows 10 halali inatambuliwa kupitia madabodi yake: piga Windows 11 ya aina ileile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, iunganishe na mtandao, itajiamilisha. Mlango wa kutumia namba za Windows 7 ndio uliofungwa, Septemba 2023.

Usakinishaji unadai intaneti na mashine haina Wi-Fi? Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki data. Kwa kawaida Windows inaitambua bila draiva, nawe baadaye unapata draiva ya kadi ya mtandao kwa njia hiyohiyo.

"Iliyoshindwa Windows 11, Linux itaifanya mpya"

Itaifanya itumike, na hiyo inatosha bila chumvi. Linux Mint, mfumo mbadala wa Windows, yenye mwonekano mwepesi wa Xfce, inaanzia GB 2 za RAM na inapendekeza GB 4, na Core 2 Duo yenye SSD inaibeba. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukakagua sauti, mtandao na printa kwanza. Lakini kivinjari ni kilekile na tovuti ni zilezile. Kurasa kumi zikifunguliwa kwenye GB 4, itaganda kama ilivyoganda jana.

Ambaye kazi yake imefungwa kwenye programu ya Windows, na prosesa yake haina SSE4.2, bado anaweza kubaki na Windows 10 toleo la 22H2 na kujiandikisha kupata masasisho ya ziada ya usalama, ambayo kwa watu binafsi yanafika hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo, OptiPlex ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha 3 au 4 itamgharimu kidogo kuliko kuendelea kuihudumia Core 2.