Poleszucy, si Poleszuki: Wapoleshuki wanavyoitwa kwa Kipolandi

"Wingi wa Poleszuk ni Poleszuki." Kosa hili kuhusu jina la Wapoleshuki, wenyeji wa Polesie huko Ulaya Mashariki, halikomi katika tafsiri zinazoletwa kuhaririwa, na linawadhalilisha watu. Wingi ni Poleszucy. Kipolandi kina ngeli ya watu katika wingi, nayo huhitaji angalau mwanamume mmoja kwenye kundi. Humo k ya mwisho hugeuka c (hutamkwa ts) na kufuatwa na y: Polak, Polacy, Poleszuk, Poleszucy. Ukiandika Poleszuki umewahamisha watu kutoka ngeli yao, na upatanisho unahama nao: ci Poleszucy przyszli, "Wapoleshuki hawa walikuja", inakuwa te Poleszuki przyszły. Mpolandi akiisoma hiyo ya pili husikia dharau ileile unayoisikia mtu akisema "majitu haya yalikuja".

Kosa huletwa na Kibelarusi, ambako paleshuki ni wingi wa kawaida usio na tusi. Mfasiri hunakili kiishio, basi. Tafadhali usinakili. Kwa umilikaji, "wa Poleszuk" mmoja ni Poleszuka, wa wengi ni Poleszuków. Mwanamke ni Poleszuczka, na wanawake watupu ni Poleszuczki. Hapo tu -ki ni halali. Jina huanza kwa herufi kubwa, kivumishi poleski kwa ndogo. Familia yenye jina la ukoo Poleszuk huitwa Poleszukowie.

"Poleszuk ni Mpolandi wa shamba." La. Polak huhusishwa na pole, yaani uwanda. Poleszuk hutokana na Polesie, nchi ya misitu na vinamasi ya bonde la mto Prypeć, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Belarusi na Ukraini. Lahaja zao ni za Kislavoni cha Mashariki.

"Poleszucy na tutejsi ni walewale." Tutejsi maana yake ni "watu wa hapa". Sensa ya Polandi ya 1931 iliuliza lugha ya mama na dini, haikuuliza taifa. Katika mkoa wa Polesie watu wapatao 707,000 waliandikwa kuwa lugha yao ni "ya hapa". Hilo lilikuwa jibu la swali la lugha. Ukilifanya jina la kabila umewasemea watu jambo ambalo hawakuulizwa. Isitoshe, hata wanavijiji wa upande wa Wilno (leo Vilnius, Lithuania), mbali na vinamasi hivyo, waliitwa tutejsi.

Na mkazi wa Polesie, mtaa wa jiji la Łódź, si Poleszuk.