Katika Baraza la Wazee, mkubwa ni kikao

Kwa miaka 14 nimekuwa karani wa Baraza la Wazee katika parishi moja ya PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki. Washirika wapya, hasa waliotoka makanisa ambako mchungaji ndiye mwanzilishi na msemaji wa mwisho, huniuliza nani mkubwa hapa. Huwajibu kwamba mkubwa ni kikao, nao hudhani ninakwepa swali.

Jina letu latokana na neno la Kigiriki, presbyteros, yaani mzee. Wamisionari wa Kiskoti walioanza kazi Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Thogoto, Kikuyu, mwaka 1898, walikuja na utaratibu uliozaliwa katika matengenezo ya kanisa la Uskoti ya mwaka 1560, wakaukuta kwa wenyeji utaratibu unaofanana nao, kwa kuwa Wakikuyu walikuwa na kiama, yaani baraza lao la wazee. Nadhani ndiyo sababu mbegu ile ilishika haraka, ingawa kuingia kiama kulimgharimu mtu mbuzi, na mzee wetu wa kanisa haombwi hata kuku.

Juu ya kanisa la mahali kuna parishi, ambayo ndiyo yenye Baraza la Wazee, kisha presbiteri, yaani baraza linalosimamia parishi kadhaa, kisha Mkutano Mkuu. Mchungaji ndiye mwenyekiti wa Baraza, lakini yeye mwenyewe yuko chini ya presbiteri. Hivyo Baraza haliwezi kumfukuza, na yeye hawezi kulivunja Baraza. Huja kwa uhamisho na kuondoka kwa uhamisho. Mzee ndiye anayebaki, na kila mzee ana wilaya yake, yaani nyumba kadhaa ambazo hana budi kujua nani anaugua, nani amefiwa, na nani hajaonekana ibadani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba uanze. Anapoingia kikaoni, hata hivyo, haendi kama mbunge wa wilaya hiyo. Huo ndio ufahamu mgumu zaidi kuufundisha kwa mzee mpya, ambaye mara nyingi hufika ameshatumwa na watu wake "akatetee" jambo fulani, na kumbe wajibu wake ni kusikiliza hoja za wenzake na kuamua kwa ajili ya parishi yote.

Kalamu yangu ina kazi hapo. Jambo ambalo halikuandikwa katika kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu hizo kuthibitishwa katika kikao kinachofuata, kwetu halijaamuliwa. Mwaka mmoja mfadhili mwema alijitolea kuezeka ukumbi wetu, kwa sharti kwamba fundi awe wa kuchaguliwa naye. Wazee watatu walimkubalia nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada, mchungaji akaitikia kwa kichwa, na siku ya Jumatano mabati yakawa yameshushwa uwanjani. Nilikataa kuandika kwamba Baraza limekubali, kwa sababu halikuwa limeketi. Nilinuniwa kwa majuma kadhaa. Baraza lilipoketi lilikubali mabati na kukataa sharti, na mfadhili, ambaye hakuwa ameelezwa utaratibu wetu na yeyote kati yetu, alikasirika kwa haki.

Fedha ndizo hutuchelewesha zaidi vikaoni. Mwaka 1971 John Gatu, wakati huo Katibu Mkuu wa PCEA, alitoa wito kwamba wamisionari na misaada ya nje visimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao, na neno "Jitegemea" likawa wito wa kanisa letu. Kwa hiyo mishahara na majengo vyote hutoka katika sadaka zetu, na sehemu ya sadaka hiyo hupanda hadi ngazi za juu. Kila makadirio ya mwaka yanaposomwa, mzee mmoja huuliza kwa nini tupeleke fedha juu ilhali choo cha shule ya Jumapili kinabomoka. Mimi humwona ana hoja, ila hoja yenyewe ana uhuru wa kuipeleka presbiteri, kama vile mshirika asiyeridhika na uamuzi wa Baraza alivyo na haki ya kukata rufaa huko.

Kikao ninachokipenda na kukiogopa ni cha kupitia rejista ya washirika. Aliyehamia mjini bila kuchukua barua ya uhamisho jina lake linapaswa kuondolewa baada ya muda. Ninapofika kwenye jina la aina hiyo, mzee wa wilaya husafisha koo na kusema kwamba kijana huyo alionekana Krismasi iliyopita, mama yake bado anamtarajia, tumwachie mwaka mmoja zaidi. Baraza humwachia, nami huandika.